Bangili zilizovuka Ziwa Kivu

Vijana wetu wa Bukavu hupenda kutazama picha za pete na mikufu ya Ulaya. Mafundi wake husafiri miji ya mbali, hutazama minara na matao ya majumba, kisha huyafananisha katika dhahabu. Kijana mmoja wa mafundisho aliniuliza: «Mwalimu, je, kwetu mafundi wa namna hiyo walipata kuwako?» Sikumjibu siku ile. Jibu lake liko nyuma ya milima, upande wa machweo.

Huko msituni, magharibi ya ziwa, wakaa Batembo. Katika karne ya 19 walikuwa wakisuka bangili nyembamba za miguu kwa nyuzi za mimea ya msitu, nazo ziliitwa butega. Mwanamke hakuvaa moja au mbili. Wake wa wakubwa kule Rwanda walizipanga toka kifundo cha mguu kwenda juu, nyingi mno, hata mwendo wao ukawa wa polepole. Nadhani hilo lilikuwa sehemu ya heshima yenyewe: aendaye polepole hana shamba linalomngoja!

Butega zilifikaje huko? Batembo waliziuza kwa Bahavu wa pwani ya ziwa. Bahavu wakazipakia katika mitumbwi hadi Ijwi, kisiwa chenye urefu wa kilometa 40 hivi. Na watu wa Ijwi wakavuka nazo hadi Kinyaga na Bugoyi. Walirudi na mifugo na vyakula. Tena, kwa kuwa kila mtu alizitaka, zilihesabiwa kama fedha. Basi pambo lile lile lilikuwa mguuni leo, kesho likanunua mbuzi. Na watu wa msitu, ambao wenye ng'ombe wengi waliwadharau, ndio waliowavika wake za wakubwa.

Sasa nyumba. Nyumba ya zamani ya Bushi, na ya Rwanda vilevile, ilikuwa mviringo kama kikapu kilichofunikwa. Fito zilikunjwa, zikafungwa kwa pete za fito nyembamba, pete juu ya pete, toka chini hata kileleni. Mguu uliojaa butega waonekana hivyo hivyo. Sisemi kwamba Batembo waliiga nyumba ya mtu fulani. Lakini mkono uliozoea kufunga fito na kusuka vikapu haukuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Fundi alibaki msituni. Kazi yake ndiyo iliyosafiri.

Vita vilipita ziwani. Mwami Rwabugiri wa Rwanda alishambulia Ijwi, na Kabego, mwami wa kisiwa, akauawa. Rwabugiri mwenyewe alifariki mwaka 1895. Kisha, mwaka 1910, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walipatana huko Brussels juu ya mipaka, na Ijwi ikawekwa upande wa Kongo. Njia ya mitumbwi ikakatwa na mstari usioonekana majini. Baadaye kodi ikadaiwa kwa franka, na hakuna karani aliyepokea butega.

Jambo moja lanisumbua. Butega zilitoka kwetu zikiwa zimekwisha kusukwa. Kazi ya mikono ilikuwa yetu, na bei ya kazi hiyo ikarudi kwetu. Leo dhahabu ya Kamituga yachimbwa na vijana wenye matope hadi kiunoni, nayo mara nyingi yatoka nchini kabla ya kuwa pete. Nyingi yaelekea Dubai. Huko ndiko mwingine anapotazama mnara na kupata wazo.

Yule kijana nimemwambia hayo yote. Ameniahidi kwamba katika likizo kubwa, njia ikiwa salama, atapanda hadi Bunyakiri kuwauliza wazee kama yuko bado bibi ajuaye kuanza pete ya kwanza.