Taa za kuoteshea miche ndani ya nyumba: mwanga kiasi gani unatosha?

Mkulima wa Nabuyoga anayetaka kuotesha miche chumbani, pengine kwa kuwakimbia kuku na mbuzi au mvua kubwa za Aprili, kwa kawaida huanza kwa kuuliza taa ya wati ngapi inafaa. Swali hilo humpeleka kombo. Wati huhesabu umeme unaoliwa na taa, wala hazisemi ni mwanga kiasi gani unaolifikia jani. Taa mbili za wati sawa zinaweza kutofautiana maradufu kwa mwanga zinaoutoa, na taa ileile ikipandishwa kutoka sentimita 30 hadi 60 juu ya mche, mwanga unaoufikia mche huo unaweza kushuka hadi robo.

Kipimo kinachowafaa wakulima ni idadi ya chembe za mwanga, ambazo wanasayansi huziita fotoni, zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde moja. Idadi hiyo huandikwa kwa mikromoli. Vifaa vya kuipima ni ghali, lakini msomaji mwenye simu ya kisasa anaweza kupata makadirio kwa programu ya kupimia mwanga, inayotoa jibu kwa laksi. Ilaze simu kifudifudi cha juu, yaani kioo kikitazama taa, mahali hasa ambapo majani yatakuwa. Ukipima jua, gawanya laksi kwa 54. Ukipima taa nyeupe ya LED, gawanya kwa 70 hivi. Kwa taa za rangi ya zambarau hesabu hii haifai, kwa maana laksi imetengenezwa kufuata jicho la binadamu, nalo huona kijani vizuri zaidi kuliko nyekundu na buluu.

Jicho lenyewe ni shahidi mbaya katika kesi hii. Jua la saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, huangusha takriban laksi 100,000, yaani mikromoli zipatazo 1,900. Mita mbili kutoka dirishani, ndani ya chumba ambacho mtu anasoma gazeti bila shida, mara nyingi hubaki laksi mia chache tu, sawa na mikromoli zisizofika 10. Sisi tunakiona chumba kina mwanga, ilhali mche wa nyanya unaona giza. Hurefuka kwa haraka ukiutafuta mwanga, shina likawa jembamba na jeupe, kisha ukalala chini kabla ya jani la tatu.

Mahitaji ya mimea hutofautiana. Miche ya nyanya, kabichi na sukuma wiki hukua vyema kwa mikromoli 150 hadi 250 kwa saa 14 hivi kila siku. Nyanya inayotarajiwa kuzaa huhitaji mara mbili ya hapo au zaidi. Kwa upande wa chini kabisa kuna vyumba vya maabara vya kuzalisha miche kwa tishu, kazi inayofanywa na taasisi za utafiti wa kilimo za Kawanda na Namulonge kwa migomba na mihogo. Katika vyumba vya namna hiyo, rafu zenye chupa huangazwa kwa kawaida kwa mikromoli 40 hadi 80 tu, kwa muda wa saa 16. Kiasi hicho kidogo kinatosha kwa sababu mche ulio chupani hulishwa sukari iliyomo katika chakula chake, hivyo hautegemei usanisinuru peke yake. Anayeiga taa za maabara kwa ajili ya miche iliyo kwenye udongo hukosa sukari hiyo, na miche yake hubaki na njaa.

Kuna pia mwanga ambao haukusudiwi kuwa chakula. Wakulima wa maua ya krisanthemu kandokando ya Ziwa Victoria huwasha taa usiku juu ya mimea mama ili isichanue, kwa kuwa mmea huo huchanua usiku unapokuwa mrefu. Kazi hiyo hufanywa kwa mikromoli chache mno. Mtu akiziona taa hizo hafifu zikining'inia mbalimbali juu ya shamba zima, asidhani kwamba ndizo zinazokuza maua. Hiyo ni ishara tu. Chakula chao hutoka kwa jua.

Hesabu ya kitalu kidogo

Chukua meza yenye nafasi ya sentimita 50 kwa 50, ambayo ni robo ya mita ya mraba. Ili kupata mikromoli 200 kwa mita, robo hiyo inahitaji mikromoli 50 kwa sekunde. Lakini sehemu ya mwanga huangukia ukutani, sakafuni na machoni mwa mwenye nyumba. Tukisema theluthi hivi hupotea, taa zinapaswa kutoa kama 75. Balbu ya kawaida ya LED ya wati 9, yenye lumeni 900, hutoa karibu 13. Kwa hiyo zinahitajika balbu sita, zikipangwa kwa usawa sentimita 25 au 30 juu ya majani na kupandishwa kadiri miche inavyokua.

Balbu hizo sita hula wati 54. Zikiwaka saa 14 kila siku, kwa siku 30 zitakuwa zimekula takriban yuniti 23. Mwenye kulipa shilingi 800 kwa yuniti atatoa kama shilingi 18,000 kwa mwezi, kwa meza ambayo haimtoshi hata mtoto kulala. Kila mtu aweke bei anayolipa yeye, kisha aulize miche hiyo ataiuza kwa kiasi gani.

Wapo wanaojibu kwamba watatumia sola. Hesabu inageuka kichekesho. Ili kuziendesha balbu sita kwa saa 14, pamoja na upotevu wa betri na nyaya, inahitajika paneli ya wati 200 na ushei, ambayo upana wake hufika mita moja ya mraba. Yaani tunatandaza mita nzima juani ili kuangazia robo mita kivulini. Kwa maoni yangu, asiyekuwa na sababu maalumu ya kuotesha ndani kabisa asiingie katika njia hiyo.

Jua lipo. Nabuyoga, kama Tororo yote, iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Urefu wa mchana haubadiliki kwa zaidi ya dakika chache mwaka mzima. Kwa siku ya kawaida mita moja ya mraba katika ukanda huu hupokea moli 35 hivi za mwanga, ilhali zile balbu sita hutoa moli 10. Bati moja angavu juu ya kitalu, lililo safi, likipitisha hata theluthi tu ya jua kufika kwenye miche, hushinda balbu hizo zote, tena bila bili. Bati hilo lioshwe, kwani vumbi na kuvu hupunguza mwanga taratibu hata mtu asitambue.

Chokaa nayo isidharauliwe, hasa katika wilaya inayojulikana kwa mawe yake ya chokaa. Ukuta wa udongo hunywa sehemu kubwa ya mwanga unaougusa. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa zaidi kwenye mimea. Kwa chumba kidogo, ambapo kuta ziko karibu na kitalu, upakaji huo unaweza kuokoa balbu moja au mbili.

Iwapo taa ni lazima

Wako ambao hawana budi: mpangaji wa Malaba au Busia asiye na uwanja, au mzalishaji wa vikonyo anayetaka chumba kilichofungwa dhidi ya wadudu. Hao wasome lumeni zilizoandikwa kwenye pakiti na wati halisi zinazoliwa. Maandishi makubwa ya “wati 1000” kwenye boksi mara nyingi hulinganisha taa hiyo na taa za kizamani, huku yenyewe ikila sehemu ndogo tu ya hizo. Taa ikiwa na nguvu kupita kiasi, majani ya juu hupauka au kujikunja huku ya chini yakiwa mazima. Dawa yake ni kuinyanyua au kupunguza saa. Umeme ukikatika siku nzima, miche itavumilia. Usiwashe saa 24 kufidia, kwa kuwa majani ya nyanya hugeuka manjano na kuharibika yakikosa usiku kwa siku mfululizo. Nyaya zipite juu, mbali na maji ya kumwagilia, na viungio visiwe chini ya kitalu.

Hasara kubwa mara nyingi hutokea siku ya kuitoa miche nje. Mche uliozoea mikromoli 200, ukipelekwa moja kwa moja kwenye 1,900, huungua majani kwa mchana mmoja. Wa maabara, uliozoea 50, hufa upesi zaidi. Anza kwa kivuli kizito cha nyasi au wavu, uwape jua la asubuhi kwa saa moja au mbili, uongeze kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14. Miche ya migomba ya tishu huhitaji muda mrefu zaidi, majuma kadhaa chini ya kivuli chenye unyevu, na anayeinunua amuulize muuzaji kama imeshapitia hatua hiyo kabla ya kulipa.