Kuwasha upya na kuanzisha upya

Mjini Uvira, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, kompyuta ikikwama ushauri ni mmoja: "Redemare tu." Kitenzi hicho kimetoka katika Kifaransa. Kiswahili sanifu kina kuwasha upya, kuanzisha upya, na kuzima na kuwasha, na wengi huyatumia yote kwa maana moja. Fundi wa seva anahitaji kuyatenganisha.

Kuwasha upya ni kuufunga mfumo wa uendeshaji kwa utaratibu na kuupakia tena wote kutoka kwenye diski. Kazi hii ni ya lazima hasa kiini cha mfumo kinaposasishwa. Kiini kipya kimo diskini, lakini kinachoendesha mashine bado ni kile cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu, pamoja na matundu yake ya usalama. Ubuntu huweka alama, faili /var/run/reboot-required. Amri uname -r nayo hutaja toleo la kiini kinachofanya kazi. Likiwa nyuma ya lile lililosakinishwa, washa upya.

Kuanzisha upya ni kwa programu au huduma moja. Hifadhidata ya duka la dawa ikilimbikiza kumbukumbu bila kuiachia, ianzishwe upya yenyewe, huduma nyingine ziendelee. Maktaba ya programu kama OpenSSL ikisasishwa, zianzishwe upya programu zinazoitumia.

Kuzima na kuwasha ni jambo la tatu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, uwashaji wa haraka ukiwa umeruhusiwa, kuzima huhifadhi kiini diskini na kuwasha hukirudisha kilekile. Kompyuta inayozimwa kila jioni yaweza hivyo kubeba hitilafu ileile wiki nzima, mpaka mtu achague kuwasha upya.

Umeme wa bwawa la Ruzizi ukikatika ghafla, mashine imeanguka, haikuwashwa upya. Data ambazo hazijaandikwa diskini hupotea, na hifadhidata yaweza kuharibika. Mwenye ondulere, yaani kifaa cha betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda, atumie dakika zake kuifunga seva kwa utaratibu.

Basi tuseme kuwasha upya kwa mashine, kuanzisha upya kwa programu. Na wewe fundi, kabla hujagusa kitu, uliza kilichobadilika ni kiini au ni programu. Kama hakuna kilichobadilika, soma kwanza kumbukumbu za matukio, kwa sababu kuwasha upya hufuta dalili nyingi za chanzo cha tatizo.