Ganda la Chungwa Katika Jiko la Waislamu wa Kale



Ndugu zetu wapenzi, Ramadhani moja hapa Buyenzi, Bujumbura, tulipokuwa tukiwafuturisha wanafunzi wetu wa madrasa, mama mmoja alitufuata jikoni akiwa na sahani ya maganda ya machungwa, karoti na vitunguu. Akasema, "Maalim, haya msiyatupe. Nitayaanika, nitapata kiungo cha mchuzi." Mwanafunzi mmoja akacheka: "Hicho ni chakula cha maskini." Mama akanyamaza, akayarudisha maganda yake kwenye ndoo. Nasi walimu, Allah atusamehe, hatukusema neno siku ile.

Tumeonelea tuseme leo, kwa sababu kijana yule hakuwa akijua historia yake.

Mwaka 623 Hijria, yaani 1226 Miladia, Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, Kitab al-Tabikh. Baghdad wakati huo ilikuwa bado mji wa Makhalifa, na vyakula alivyoviandika havikuwa vya watu wenye njaa. Katika kueleza pishi la nyama kwa maji ya machungwa machungu anaagiza jambo la ajabu kidogo: anayemenya chungwa asiwe yule yule anayelikamua. Kwa nini? Kwa sababu mafuta ya ganda hubaki mikononi, yakiingia kwenye maji yake yanayatia uchungu. Waliokuwa wakipika pale walijua kwamba nguvu ya tunda imo kwenye ganda, na kwamba nguvu hiyo yataka kutumiwa kwa kipimo.

Ushahidi wa karibu nasi zaidi ni wa Ibn Battuta. Alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali wa samli na mchuzi wa kuku, nyama na samaki, na pembeni yake achari ya ndimu, pilipili za chumvi na siki, tangawizi mbichi na maembe. Sasa fikirini: ndimu ya achari haimenywi. Inatiwa chumvi na ganda lake, na ganda likishalainika ndilo tamu kuliko nyama yake. Hiyo ilikuwa meza ya kumkirimu mgeni wa Sultani, si ya fukara!

Wala si Waislamu peke yao. Wachina huanika maganda ya chenza wakayaweka miaka, na Wajapani wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, tangu mwaka 1625 wanachanganya ganda la chenza kavu na pilipili katika kiungo chao cha vitu saba. Vidonge vya mchuzi vya dukani ni vya juzi tu: Julius Maggi wa Uswisi alitoa chake mwaka 1908.

Nasi tunayo mafunzo ya Mtume (s.a.w) aliyosimulia Jabir (r.a) katika Sahih Muslim, kwamba tonge likianguka liokotwe, lisafishwe na kuliwa.

Baada ya Ramadhani ile tulijaribu wenyewe. Mara ya kwanza tuliyaweka maganda kwenye chupa kabla hayajakauka, yakaota ukungu, tukayatupa yote. Mara ya pili tuliyaosha vizuri, tukachagua ya karoti, nyanya, tangawizi na machungwa, na la chungwa tukaliondoa ule weupe wa ndani kwa kisu kwa kuwa ni mchungu. Tukayaanika juu ya ungo, jua kali, siku tatu nne, usiku yanaingizwa ndani. Yakivunjika kwa kishindo kidogo ukiyakunja, yamekuwa. Kisha kinu, chekeche, na kijiko kimoja cha chumvi kwa vijiko vitatu vya unga. Ganda la chungwa liwe kidogo, lisije likatawala mchuzi.

Lakini hadhari: msitie maganda ya muhogo kabisa, yana sumu, wala ya viazi mviringo vilivyogeuka kijani. Na yaliyooza yaacheni, hayo ni ya mbolea.

Chupa ya kwanza tulimpelekea mama yule. Alionja kwa ncha ya kidole, akatuambia tumezidisha chumvi.