Fumbo na Mwenye Kulifumbua: Lugha ya Picha katika Taarab na Ushairi wa Pwani

Neno fumbo limezaliwa na kitendo cha mwili. Mtu hufumba macho, hufumba mkono, hufumba kinywa. Kilichomo ndani kipo pale pale, ila hakionekani mpaka kifumbuliwe. Wahenga wakanena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Ndani ya methali hiyo wamo watu wawili. Yupo mwenye kufumba na yupo mwenye kufumbua. Aghalabu, lugha ya picha katika nyimbo na mashairi ya Kiswahili inapozungumzwa, hutazamwa yule wa kwanza tu: mtunzi ametumia sitiari ipi, tashbihi ipi, jazanda ipi. Lakini historia ya taarab na ushairi wa Pwani, ikifuatwa kwa utulivu, huonesha kuwa kazi kubwa iko kwa yule wa pili. Fumbo hukamilishwa na msikilizaji. Na msikilizaji akinyang'anywa kazi yake, fumbo hufa hata kama maneno yake yangali yanaimbwa.

Habari hii ni kongwe kuliko taarab yenyewe. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa kuanzia kiasi cha mwaka 1776 hadi 1840, husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuufikisha sokoni. Alitunga mashairi mafupi juu ya mapenzi, juu ya dhiki na neema, na juu ya siasa za mji wake katika zama ambazo Wamazrui walikuwa wakivutana na Seyyid Said bin Sultan. Mashairi hayo yalihifadhiwa vifuani mwa watu. Miongo mingi baada ya kifo chake ndipo Mwalimu Sikujua na mmishionari W. E. Taylor walipoyakusanya, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kwa jina la Diwani ya Muyaka. Ushairi uliotungwa kwa ajili ya ugomvi wa siku fulani ulidumu kwa muda wote huo kwa sababu haukufungwa na ugomvi huo. Katika lugha ya Pwani, chombo ni jahazi lenye tanga na nanga. Lakini chombo pia ni mji, ni dola, ni nyumba ya mke na mume, na wakati mwingine ni mwanamke mwenyewe. Nahodha ni nani, upepo umegeuka kutoka wapi, na maji yameingia kwa tundu gani: hayo kila kizazi hujijazia kwa mambo yake. Mtunzi alilenga mtu mmoja, msikilizaji akalirithi shairi kwa matumizi mengine.

Taarab ya Unguja haikuanza kwa sifa hiyo. Mapokeo yanasimulia kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, naye aliporejea akawafundisha wengine na kundi la kasri likaundwa. Mwaka 1905 ikaasisiwa jumuiya ya Ikhwani Safaa, ambayo ingalipo. Nyimbo za awali ziliimbwa kwa Kiarabu. Ziliburudisha sikio na kuupa utukufu mkusanyiko, lakini wengi katika mji hawakuyafahamu maneno yake. Yamkini picha zilizomo zilikuwa nzuri mno; hata hivyo mafumbo hayakuweza kufanya kazi mtaani, kwani fumbo lina sharti moja lisiloepukika: lazima awepo mtu wa kuguswa nalo.

Mtu huyo aliingia ukumbini pamoja na lugha yake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880, katika ukoo uliotokana na utumwa, na jina alilopewa kwanza lilikuwa Mtumwa. Alihamia mjini mwaka 1911. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa na sauti, na alikuwa na wenziwe: Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Kundi hili liliimba kwa Kiswahili, na nyimbo zake zilichota kutoka Ng'ambo, katika nyumba za watu wa kawaida, habari za mapenzi, za deni, za ulaghai na za hukumu zisizo na haki. Kuanzia hapo mwimbaji na msikilizaji wakawa majirani. Aliyeimbwa aliweza kuwa ameketi safu ya tatu.

Hapa ndipo desturi ya kutuza ilipopata maana yake kamili. Wimbo unapofika kwenye mshororo fulani, mwanamke mmoja huinuka na noti mkononi, akatembea kwa madaha, pengine akapita makusudi mbele ya kiti cha mtu, akampa mwimbaji na kurudi mahali pake. Mtunzi hakumtaja mtu. Mwimbaji hakumtaja mtu. Aliyetuza hakufumbua kinywa chake. Lakini ukumbi mzima umefahamu kuwa mshororo ule sasa una mwenyewe, na kuwa umetumwa kwa fulani. Akiulizwa, mtuzaji atajibu kwamba amependezwa na wimbo. Naye aliyelengwa akikasirika hadharani, atakuwa amejitaja mwenyewe. Ikiwa ana jibu, basi angoje wimbo mwingine, na yeye ainuke kwa zamu yake. Hivi ndivyo kanga inavyofanya kazi vile vile: maneno yamechapwa kiwandani kwa ajili ya maelfu, lakini siku mke anapoivaa na kupita nayo mbele ya mlango wa mwenziwe, yanakuwa yake.

Tuchukulie wimbo unaosimulia ua la kilua lililochumwa asubuhi, likanuswa, likavaliwa, kisha likatupwa jioni njiani. Mama ambaye binti yake ameachwa baada ya mwaka mmoja wa ndoa atasikia shutuma. Mke mkubwa atasikia onyo kwa mke mwenza aliyeingia juzi. Mzee aliyewahi kuwa na cheo, na sasa hapigiwi hodi na mtu, atasikia habari za dunia. Wote watatu wanaweza kuinuka kutuza katika usiku mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyekosea. Hapo ndipo fumbo linapoachana na kitendawili. Kitendawili kina jibu moja, na asiyelijua hutoa mji. Fumbo la wimbo lina majibu kadiri ya maisha yaliyomo ukumbini.

Mwaka 1928 Siti na wenziwe walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri hizo zikavuka bahari na kufika katika miji ambayo haikujua chochote juu ya majirani wa Ng'ambo. Mtu wa mbali hakuweza kujua wimbo ulitungwa kumhusu nani. Ilimbidi autafutie mahali katika mambo ya mji wake. Hasara moja ikaleta faida nyingine: fumbo lilipopoteza mlengwa wake wa kwanza, likapata walengwa wengi.

Hata hivyo, itakuwa si haki kuifanya historia hii kuwa sifa tupu ya kufumba. Mara nyingine Siti aliacha kufumba. Wimbo wake mashuhuri uitwao Kijiti unahusu kuuawa kwa mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa alitorokea Bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Hapo mtu ametajwa, na tendo limetajwa. Dhuluma iliyotokea mbele ya watu wote haikuhitaji kifuniko, na kuifunika kungeisaidia kusahaulika. Kwa hiyo fumbo halikuwa woga wa kudumu wala adabu ya lazima. Lilikuwa uamuzi: jambo hili lifumbwe, na hili lisemwe.

Uamuzi huo huo umewakabili waandishi wa vitabu. Shaaban Robert, ambaye ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, aliitoa Kusadikika mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza. Nchi aliyoielezea iko angani. Mshitakiwa wake, Karama, anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Nchi isiyokanyagika haiwezi kudai kwamba imetukanwa, na msomaji wa Tanga au wa Unguja aliachiwa kazi ya kuishusha ardhini. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alizipitia njia zote mbili. Mwaka 1968 aliandika waraka wa Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali waziwazi, na akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika katika karatasi za chooni, na yakachapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mojawapo ni shairi la mabishano ya ndugu wawili juu ya mnazi: mmoja yu juu akila matunda, mwengine yu chini akidai haki yake. Mnazi ni mnazi, lakini msomaji wa Kenya hakuhitaji kufunuliwa. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye katika zama zake mtunzi alitiwa ndani. Waraka uliosema wazi ulimfunga. Mnazi ulipita mlangoni na kupokewa kwa heshima.

Visiwani nako fumbo halikukoma kuwa na kazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 vikundi vya taarab viliwekwa chini ya uangalizi wa serikali, na nyimbo zikatakiwa zilitumikie taifa. Lakini wimbo wa mapenzi haukuweza kuzuiwa usisikike kwa namna nyingine. Barazani, Muungano wa mwaka huo huo mara nyingi huzungumzwa kwa lugha ya ndoa: mahari, talaka, mke asiyeulizwa. Watu waliozoea kusema hivyo hawawezi kusikiliza wimbo wa mume na mke kwa sikio moja tu.

Katika miaka ya 1990 ikaja mipasho. Dar es Salaam, vikundi vya Muungano na Tanzania One Theatre vilishindana hadharani. Nasma Khamis, maarufu kwa jina la Kidogo, upande mmoja, na Khadija Kopa, aliyetokea Unguja, upande wa pili. East African Melody nayo ikaeneza mtindo wa rusha roho, kwa vinanda vya umeme na uwanja wa kucheza. Wazee walilalamika kuwa haya imeondoka. Lakini matusi na ushindani havikuzaliwa mwaka huo. Vyama vya lelemama vya Mombasa na vikundi vya taarab vya wanawake wa Unguja vilijibizana kwa ukali tangu zamani, na maneno yao hayakuwa ya upole hata kidogo.

Tofauti iko kwingine, na maneno yenyewe yanaidokeza. Kufumba ni kufunga kitu ili mwingine akifungue. Kupasha ni kumfikishia mtu kitu hadi mkononi. Mpasho huja ukiwa umekwisha kufunguliwa: mlengwa anajulikana, kosa linajulikana, na hukumu imetoka kabla ngoma haijapigwa. Msikilizaji hubakiwa na kazi ya kushangilia. Huweza kufurahi sana usiku ule, na mipasho mingine ina ufundi wa hali ya juu, lakini ugomvi ukiisha hakuna anachobaki nacho. Ua la kilua lilimngoja kila mtu. Mpasho humngoja mtu mmoja.

Lakini mipasho isibebeshwe lawama peke yake, kwani darasani nako fumbo limenyooshwa. Mwanafunzi hupewa shairi na kuulizwa ataje tamathali za semi na maana zake, na jibu linalokubaliwa ni moja. Chombo ni nchi. Akiandika nyumba amekosa. Kwa njia hiyo fumbo hugeuzwa kitendawili, na kijana hutoka shuleni akiijua orodha ya majina, sitiari, tashihisi, kinaya, taashira, bila kuwahi kuinuka hata mara moja na kusema mshororo huu ni wangu.

Wazee walikuwa na darasa la namna nyingine. Fatma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013, aliimba taarab na pia alikuwa bingwa wa unyago. Katika unyago mwari haimbiwi tu, hufundishwa kusikiliza. Huoneshwa jinsi jina la chakula, la mnyama au la chombo cha jikoni linavyobeba habari isiyotajwa mbele ya watu, na hutoka ndani akiwa na sikio jipya. Hivyo aliyemsikia Bi Kidude jukwaani huko Unguja akitaja muhogo alicheka kwa sababu alifundishwa kucheka, au alilelewa na aliyefundishwa. Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, na katika kumbi za Ulaya alishangiliwa na watu waliopenda sauti, ngoma na umri wake. Heshima hiyo ilimstahiki. Lakini kule muhogo ulikuwa muhogo.

Leo vinanda havina upungufu wa walimu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifunguliwa Unguja mwaka 2002, na vijana hujifunza kanuni, udi na fidla. Santuri za zamani nazo zinatafutwa na kuhifadhiwa. Juhudi hizo ni njema, ila zinamhifadhi mwenye kufumba. Mwenye kufumbua hahifadhiki ndani ya santuri. Huyo hupatikana kwa bibi kumuuliza mjukuu wake, wimbo ukiisha, ameusikia unamsema nani. Kisha akamwacha ajibu anavyoona, na asimwambie kuwa amekosea.