Kinga Yenye Moto Ndani

Baharini mlingoti ni nguzo inayobeba tanga la jahazi. Huku Uchindile, mbali na pwani, mlingoti unaota majani: ndilo jina ambalo watu wa nyanda za juu wameupa mkaratusi kwa urefu na unyoofu wake. Mkaratusi ni jina la wataalamu lililofunzwa kutamka irabu. Mlingoti ni jina la aliyeutazama mti wenyewe. Pamoja na misonobari, miti hii imevika vilima inakopita reli ya TAZARA. Majani ya mlingoti yana mafuta, msonobari una utomvu unaowaka. Hapo ndipo istilahi za moto zinapokuwa zana za kazi, na zana butu humuumiza anayeitumia.

Tuanze na moto kichaa, jina la kiofisi la moto unaoteketeza misitu. Lina ladha, hilo silikatai: unauona ukikimbia huku na huko, hausikii la mtu. Lakini linamsamehe aliyeuwasha. Mara nyingi moto huu hutoka kwa mtu mwenye akili zake, aliyekuwa akisafisha shamba au akirina asali, ukamponyoka. Mimi ningeuita moto mtoro. Mtoro ana alikotoka, na ana wa kuulizwa habari zake.

Ule ukanda unaofyekwa ili moto usivuke, wengi huuita barabara ya moto. Kijineno “ya” kimebeba mzigo mzito: barabara ya magari ni ya magari kupita, basi na hii je? Mgeni angedhani moto umetengenezewa njia.

Kinga moto ni bora, na lina siri tamu. Kinga ni kizuizi. Lakini kinga pia ni kijinga, ukuni ulioshika moto. Wahenga waliposema “kinga na kinga ndipo moto uwakapo” hawakuwa wakizungumzia ulinzi. Neno moja linakoka na linazuia! Anayependa lugha hufurahi. Anayeandika kibao cha onyo hukuna kichwa. Napendekeza tuazime mkuza, neno tulilolizoea kwenye mkuza wa bomba la gesi: ardhi iliyosafishwa kwa kazi maalumu. Tukisema mkuza wa kuzuia moto, hakuna atakayeuliza maana yake.

Sasa kile chombo chekundu kinachoning’inia ukutani. Wengi husema mtungi wa moto. Mtungi ulianza ukiwa wa udongo, wa maji ya kunywa. Leo uko wa chuma jikoni, umejaa gesi ya kupikia. Mitungi miwili, mmoja unaulisha moto na mwingine unauua, nayo imepewa jina moja. Katika moshi, mtu anapopiga kelele “leta mtungi!”, utaletwa upi?

Kizima moto kinaeleweka, ila kimekaa karibu mno na zimamoto, ambalo tumewapa watu: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huku Bara, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi kule Zanzibar. (Uokoaji unanipa picha ya watu kazini; uokozi, ya jambo lililokwisha kufanikiwa. Yote mawili yabaki.) Kizimia moto nacho kina mkosi wake, kwani kuzimia ni kupoteza fahamu, na hatutaki chombo kinachozirai kabla ya moto.

Lugha yenyewe inatupa njia. Kunyunyizia kumezaa kinyunyizio, kuchomea kukazaa kichomeo. Basi kuzimia, kwa maana ya kuzima kwa kutumia kitu, kuzae kizimio. Ni neno fupi, halihitaji mkia wa “cha moto”, na linafaa behewani, jahazini na kwenye lori la magogo.

Faya nalo? Liacheni mtaani. “Gari la faya” limeshaota mizizi, na mtoto akilitamka hakuna asiyegeuka. Ndoo ya mchanga nayo haihitaji mshauri: imejitaja yenyewe na kilichomo.

Msomaji, wewe ni mlinzi wa lugha hii kama mimi. Neno la dharura lisiwe na maana mbili, kwa sababu anayelisikia hana muda wa kuchagua. Ukilipinga kizimio, leta lako. Ila moto ukishawaka, usibishane na mtu: piga 114.