Tarakilishi ya mtumba ikikataa kuwaka, okoa faili kabla ya mtambo

TARAKILISHI nyingi zinazotumiwa katika afisi ndogo, shule na nyumba nchini Kenya ni mitumba iliyokwisha kufanya kazi ng’ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kufika madukani mwetu. Mtambo wa aina hii unapokataa kuwaka, aghalabu mwenyewe huambiwa kwamba “umekufa”, au kwamba hauna budi kufutwa kila kitu na kuwekewa programu upya.

Hasara hapo si ya mtambo pekee. Mtumba mwingine waweza kununuliwa, lakini hesabu za chama, orodha ya wadaiwa wa duka au tasnifu iliyobakisha sura moja haziuzwi popote. Kwa hivyo, kanuni ya kwanza ni kuokoa faili, mtambo utafuata.

Kanuni ya pili ni kutambua mahali mtambo ulipokwama. Kila tarakilishi hupitia hatua nne inapowashwa: hupokea umeme, hujikagua, huisoma diski kuu, kisha hupakia mfumo wa uendeshaji. Kila hatua ina dalili zake.

Umeme

Iwapo hakuna taa wala sauti ya feni, anza na umeme. Jaribu soketi nyingine na waya ambao una hakika ni mzima.

Kwa tarakilishi ya mezani, tazama mgongoni mwa kisanduku cha kugawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Baadhi ya visanduku vya zamani vina swichi ndogo yenye nambari 115 na 230. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, hivyo swichi hiyo sharti iwe kwenye 230. Mtambo uliotoka Marekani, ambako soketi za nyumbani hutoa volti 120, waweza kuwa umewekwa kwenye 115. Ukichomekwa hapa hivyo ulivyo, kisanduku huungua. Usikifungue kamwe kisanduku hicho, kwani umeme hubaki ndani hata baada ya waya kuchomolewa.

Kwa kipakatalishi, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha urudishe chaja pekee. Kikiwaka, rudisha betri. Kikikataa tena, betri ndiyo ya kushukiwa.

Tazama pia kapasita, yaani vikopo vidogo vilivyosimama juu ya bodi kuu. Vilele vyake hupaswa kuwa bapa. Vikiwa vimefura au kuvuja, bodi imeharibika, na kasoro hii ilikumba mitambo mingi iliyoundwa kati ya takribani 1999 na 2007.

Kujikagua

Feni ikizunguka lakini skrini ibaki nyeusi, jaribu kwanza skrini nyingine. Kisha sikiliza. BIOS, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye bodi kuu, huvikagua viungo vya mtambo na kutoa milio inapogundua kasoro. Maana ya milio hutofautiana: katika BIOS ya Award, mathalani, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi huashiria tatizo la picha. Hesabu milio, iandike, kisha utafute maana yake katika mwongozo wa modeli yako.

Chanzo cha kawaida ni vipande vya kumbukumbu ya RAM vilivyolegea au kushika uchafu. Zima mtambo, chomoa waya na uguse chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini ukutoke. Toa vipande hivyo, usugue taratibu meno yake kwa ufutio mkavu wa penseli, uvipanguse, kisha uvirudishe hadi vishikizo vijifunge. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja.

Betri ya saa

Mtambo ukiwaka huku tarehe ikirudi miaka ya nyuma kila unapochomolewa, betri ndogo ya bodi kuu imekwisha. Kwa tarakilishi za mezani, aghalabu huwa ya aina ya CR2032, yenye volti 3 na umbo la sarafu.

Betri hiyo ikiisha, mitambo mingi ya zamani husahau ni diski gani isomwe kwanza na kwa njia gani. Windows yaweza kukataa kuanza ilhali diski ni nzima, na hapo ndipo fundi mwenye pupa hufuta faili zisizo na hatia. Badilisha betri, ingia kwenye BIOS, rekebisha tarehe na mpangilio wa diski, kisha ujaribu tena. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kugusa chochote. Iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48, kwani mabadiliko hayo yaweza kuufanya mtambo uudai.

Diski kuu

Ujumbe kwamba hakuna diski ya kuanzishia usikutishe. Ondoa fleshi yoyote iliyochomekwa na ukaze nyaya za diski. Lakini ukisikia diski ikigonga tik tik mfululizo, zima mara moja. Hiyo ni dalili ya kuharibika kwa viungo vya ndani, na kila dakika ya ziada huhatarisha kilichosalia. Diski ya namna hiyo yafaa kupelekwa kwa mtaalamu wa kuokoa data.

Ikiwa haigongi, iunganishe na tarakilishi nyingine kwa waya wa kutoka SATA hadi USB, au anzisha mtambo wako kwa fleshi iliyotiwa Linux, ambayo huendeshwa bila kusakinishwa kwenye diski. Nakili faili kwanza. Usiendeshe programu ya kukarabati diski kabla ya hapo, kwani huilazimisha diski dhaifu kufanya kazi nzito.

Mfumo wa uendeshaji

Nembo ya Windows ikitokea kisha mtambo ukwame, viungo vingi ni vizima. Katika Windows 7, bonyeza F8 kabla ya nembo kutokea, uchague hali salama. Windows 10, ikikatizwa mara mbili au tatu mfululizo inapoanza, huleta yenyewe menyu ya ukarabati. Ondoa programu uliyoiweka mwisho, au urudishe mfumo katika hali ya tarehe ya nyuma. Kusakinisha upya kuwe hatua ya mwisho, faili zikiwa zimekwisha kunakiliwa.

Fauka ya hayo, zingatia umri wa mfumo. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows XP mnamo Aprili 8, 2014, Windows 7 mnamo Januari 14, 2020, na Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 hudai usalama wa TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, masharti ambayo mitumba mingi haiyatimizi. Mitambo hiyo yaweza kuendeshwa kwa Linux Mint, ambayo hutolewa bure na huhitaji angalau GB 2 za kumbukumbu.

Iwapo bado utalazimika kumwona fundi, mweleze mtambo umekwama katika hatua gani na umekwisha kujaribu nini. Mwambie waziwazi kwamba diski isifutwe bila idhini yako. Na ikiwa tatizo ni la umeme au la bodi, itoe diski ubaki nayo nyumbani. Mtambo utatengenezwa bila hiyo.