Sheria Haikuogopa Bunduki, Iliogopa Shabaha

Wasee wa Thika Road, leo stori ni ya bunduki. Tulieni, si ile mnafikiria. Hakuna mwizi wala sinema hapa. Naongea kuhusu mchezo: mtu anasimama wima, mita 10 mbele yake kuna karatasi, na kazi yake ni kuitoboa katikati. Basi. Bunduki yenyewe ni ya upepo, inarusha kirisasi cha milimita 4.5. Alama ya 10 pale katikati ni kitone cha nusu milimita, kidogo kuliko kichwa cha pini. Huo mchezo uko kwa Olimpiki tangu 1984.

Sasa niambie, unajua mtu yeyote wa Makongeni, Kiganjo, Kimbo ama Githurai anayeucheza? Mimi simjui hata mmoja. Mpira, tuko. Riadha, tuko. Chesi pia tuko. Shabaha? Zii. Wengi mtasema ni pesa, na pesa ni sehemu ya jibu. Lakini kuna sababu ya zamani zaidi, na hiyo iliandikwa kwa sheria.

Turudi nyuma hadi 1890. Mataifa ya Ulaya na wenzao yalikutana Brussels yakatia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ukweli usemwe, bunduki zilikuwa zimechochea sana utekaji wa watu, kwa hivyo lengo halikuwa la kubeza. Mkataba ukafungia silaha ukanda mkubwa wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 Kaskazini hadi nyuzi 22 Kusini. Thika iko kama nyuzi moja Kusini, yaani ndani kabisa.

Lakini cheki kile kilichoruhusiwa. Mwafrika angeweza kuuziwa gumegume, lile gobori la kuwashwa kwa jiwe, mradi mtutu wake uwe laini ndani. Bunduki yenye mifereji ndani ya mtutu ilikatazwa. Na hiyo mifereji ndiyo kila kitu. Inapinda kama ngazi ya kuzunguka, inaifanya risasi itoke ikizunguka. Umewahi kucheza pia? Pia ikizunguka inasimama wima. Ikichoka kuzunguka inayumba, inaanguka. Risasi ni vivyo hivyo. Ikitoka kwa mtutu laini inayumba, na mbali kidogo hujui itaenda wapi.

Kwa hivyo Mwafrika aliachiwa bunduki ya kupiga kelele, akanyimwa ile ya kulenga. Nani aliruhusiwa ya kulenga? Mkataba ulitaja watu wenye dhamana ya kutosha, na msafiri mwenye barua ya serikali yake. Mazee, hapo unajua ni nani walikuwa wanaongelewa.

Msafiri mmoja wa aina hiyo alifika kwetu 1909. Theodore Roosevelt, ametoka tu kuwa rais wa Marekani, aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili na muda mfupi baadaye alikuwa Juja Farm, kwa tajiri McMillan. Ndiyo, hiyo Juja Farm yetu ya leo. Kisha akaenda kuwinda nyati kwenye shamba la mlowezi Heatley, kando ya mto Kamiti, hapa karibu na Ruiru. Yeye na mwanawe Kermit walirudi kwao wakiwa na hesabu ya wanyama 512. Kumbuka huyu ni mtu ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika, na mwenyewe aliandika kwamba hakuwa mlengaji hodari. Alikuwa na bunduki nzuri, muda na ruhusa. Wakati huohuo, Mkamba wa upande wa Kilimambogo aliyewinda kwa upinde, jinsi babu yake alivyowinda, sheria za wanyamapori zilimgeuza jangili.

Ningependa mwekee alama hilo jina la Kamiti. Tutarudi huko.

Njia moja ilibaki ya Mwafrika kufunzwa kulenga vizuri: avae sare, apigane vita vya Mwingereza. King's African Rifles, ama Keya kama wazee walivyoiita, iliwafunza maelfu. Waruhiu Itote alikuwa mmoja wao, akapelekwa hadi Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Aliporudi nyumbani ujuzi ulikuwa kichwani, lakini bunduki ilibaki ya serikali. Baadaye mlimsikia kwa jina lingine: General China wa Mau Mau.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Msituni bunduki za kweli zilikuwa chache, kwa hivyo wapiganaji walizitengeneza. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kitako kilichongwa kwa mti, komeo la mlango likawa cha kugonga risasi, na nguvu ya kulisukuma hilo komeo ilitoka kwa kipande cha mpira wa tyubu. Hivyo tu. Ufundi wa ajabu, na hatari kwa aliyeishika, kwa sababu bomba lingeweza kupasuka usoni mwake. Lakini umeona kitu? Bomba la maji ni laini ndani, halina mifereji. Miaka 60 baada ya Brussels, Mwafrika bado alikuwa na mtutu usioweza kulenga mbali.

Halafu kuna 1956. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba. Novemba akafikishwa mahakamani Nyeri. Shtaka halikuwa kuua mtu. Lilikuwa kupatikana na bastola na risasi, na chini ya kanuni za Hali ya Hatari hilo lilitosha kumhukumu kifo. Mwezi huohuo, Novemba 1956, Olimpiki zilifunguliwa Melbourne na Kenya ikapeleka timu yake ya kwanza kabisa. Ndani ya timu hiyo walikuwemo walenga shabaha, Wazungu. Waafrika walikuwa kwa riadha, na Nyandika Maiyoro alimaliza wa 7 katika mita 5,000.

Sisemi wale walenga shabaha walikosea kwenda. Nasema tu, weka hizo picha mbili kando kwa kando. Koloni moja, mwezi mmoja. Mmoja anashika silaha na anapewa jezi ya nchi, mwingine anashika silaha na anapewa kamba. Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, huko Kamiti. Ndiyo, Kamiti ileile ya nyati wa Roosevelt.

Na ndipo nikaelewa kwa nini sisi ni taifa la wakimbiaji. Tuna vipaji, hakuna ubishi. Ila pia mbio ulikuwa mchezo ambao hakuna aliyehitaji kututilia sahihi ili tuucheze.

Uhuru ulikuja, sheria ikabaki. Sheria ya Silaha tunayotumia hadi leo, Sura 114, ni ya 1953, katikati ya Hali ya Hatari. Imefanyiwa marekebisho mengi, lakini mzizi ni huohuo. Uwindaji nao ukapigwa marufuku 1977, na mimi naona hiyo ilikuwa sawa. Leo wanaofunzwa bunduki huku kwetu ni askari magereza kwenye chuo chao Ruiru na wanajeshi kwenye kambi ya Thika. Kiambu kuna uwanja wa shabaha Kirigiti, lakini huko bastola na leseni ndizo zinatamba. Kijana wa mtaani akisikia neno bunduki anawaza vitu viwili: mwenye sare ama mwenye nia mbaya. Hana picha ya tatu kichwani.

Mimi nataka hiyo picha ya tatu. Na sisemi kila mtu apewe bunduki, tusilishane maneno. Nasema kulenga ukiwa umesimama ni kazi ya mwili na akili kabla ya kuwa kazi ya silaha, na unaweza kuanza na vitu vya nyumbani.

Chukua mpini wa jembe. Funga chupa ya maji ya lita moja upande wa mbele. Bandika doti nyeusi ya upana wa sentimita 3 ukutani, mita 10 kutoka ulipo. Bedsita yako haina mita 10? Tumia mita 5 na doti ya sentimita moja na nusu, hesabu ni ileile. Kama unatumia mkono wa kulia, geuza ubavu wa kushoto kwa shabaha, miguu ipanuke kama mabega. Kiwiko cha kushoto kiegemee nyonga ama mbavu, ili mfupa ubebe uzito, kwa sababu misuli huchoka na kutetemeka. Kichwa kibaki wima. Leta mpini usoni, usipeleke uso kwa mpini.

Sasa funga macho, pumua mara mbili, fungua. Ncha ya mpini imehamia kushoto? Usiuvute kwa mikono. Sogeza miguu. Kisha toa pumzi nusu, tulia, bana kidole polepole kama unafyatua, na ubaki vilevile sekunde nzima. Ikipita sekunde 8 kabla hujafyatua, shusha uanze upya. Kujua kushusha ni nusu ya mchezo.

Fanyia hayo ndani ya nyumba. Usitoke barabarani na kitu kinachofanana na bunduki, hasa usiku. Unajua mtaa na unajua doria. Usinunue bunduki ya upepo mtandaoni ukidhani ni toi. Uliza kwanza Bodi ya Leseni za Silaha sheria inasema nini. Na siku utakayoshika ya kweli, iwe uwanjani, na mkufunzi mwenye leseni. Ichukulie ina risasi kila wakati, mtutu uelekee mahali salama, kidole kikae mbali na triga hadi uwe tayari.

Kaunti inaweza kufanya sehemu yake pia. Ukumbi wa kijamii una mita 10. Bunduki chache za upepo, kabati lenye kufuli, mkufunzi mmoja mwenye kibali, na daftari la kuandika nani ameingia na nani ametoka. Viwanja vya mpira tumejengewa kwa pesa nyingi kuliko hizo.

Kutoka 1890 watu waliamua ni nani ataruhusiwa kulenga. Walikufa zamani na uamuzi wao bado unaishi nasi. Mpini wa jembe lakini uko nyuma ya mlango, na huo hauna leseni.